Samaki Wanaokufa Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni 1957

Ukungu mpaka saa nne. Nimebadili maji ya samaki kabla ya kwenda barazani kwenye cherehani. Nusu tu, si yote. Ndivyo alivyoniagiza yule Bwana wa shamba la kahawa kule Mbozi. Nilimshonea mapazia ya nyumba nzima, akahama kabla hajanilipa, akaniachia kasha la kioo na samaki saba, wekundu sita na mweupe mmoja. Nilimlaani njia nzima mpaka Mbeya, kasha mapajani, samaki ndani ya debe miguuni. Zuhura alipowaona akacheka. Alikuwa hajacheka tangu masika yaanze. Sasa simlaani tena yule Bwana.

Kasha liko juu ya meza, ubavuni mwa kitanda chake. Mke wangu anawatazama tangu asubuhi mpaka taa inazimwa. Miguu imevimba vilevile. Uji kanywa bakuli zima.

Jumatano, 5 Juni

Makoti ya wapishi wa hoteli, suruali ya shule. Sindano imevunjika. Mhindi mwenye baraza kanuna kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Zuhura kawapa samaki majina. Mnene, mlafi kuliko wote. Karani, ana doa jeusi mdomoni kama aliyelamba wino. Bi Harusi, mweupe, mkia mrefu kama shela. Kulwa na Doto, hawaachani. Chongo, jicho moja. Shangazi, mzee wao, anawasukuma wenzake pembeni. Mimi ananiita Fundi; nimemuuliza yupi kati yao ni Fundi. Akasema hakuna, samaki wananyamaza.

Dakta aliniambia mwezi wa nne, pale mlangoni mwa wodi: moyo umechoka, mrudishe nyumbani, mpe chakula laini, asinyanyue kitu. Nilielewa. Sikumwambia mke wangu. Naye alielewa, hakuniambia. Watoto Mungu hakutujalia. Tuko wawili na samaki.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi za Alhamisi. Tumezirithi kwa wazee: Ijumaa isikukute na uchafu. Zamani akizifanya Zuhura, nami nikikaa nje nimkwepe. Sasa nazifanya mimi, yeye ananisimamia kutoka kitandani, mkali kuliko nyapara wa barabara. Shuka nimebadili. Nimefagia. Nimefukiza udi. Halafu unga wa pareto: chini ya kitanda, juu ya mkeka, kwenye mishono ya godoro, kwa ajili ya viroboto. Kiangazi cha Mbeya ni vumbi na viroboto. Mtu mzima atajikuna na kusonya. Mgonjwa anayelala chali siku nzima atajikunaje?

Unga naletewa na Mama Syombe, jirani yetu Msafwa, mwenye shamba la pareto huko Poroto. Anakausha maua, anatwanga, ananijazia kopo. Kifuniko nimekitoboa matundu kwa msumari, nakung'uta kama mtu anayetia chumvi. Kiroboto akiugusa tu, kwisha. Na mtu haumdhuru. Mama Syombe anampaka mjukuu wake kichwani kwa chawa, na kuku wake wanaatamia juu yake.

Mwisho nimewapa samaki makombo ya mkate. Zuhura anapenda kuwaona wakila kabla ya Magharibi.

Ijumaa, 7 Juni

Mnene amekufa. Nimetoka msikitini nikamkuta juu ya maji, tumbo juu. Zuhura kanionyesha kwa kidole tu. Nadhani ni ulafi. Nimemzika chini ya mlimau. Nimejiona mjinga kumchimbia samaki kaburi, lakini jalala linaonekana kutoka dirishani kwake.

Jumatatu, 10 Juni

Sita wazima. Nimepunguza makombo.

Zuhura kanisimulia tena Iringa alikozaliwa, na mama yake aliyekuwa akiuza vitumbua sokoni, na baridi ya asubuhi wakati wa kukaanga. Anajiita mtu wa pwani. Bahari hajaiona hata siku moja. Mimi pia. Babu zetu walikuja na misafara wakalowea, sisi tukabakiwa na kanzu na maneno mengi.

Kala ndizi na samli kidogo. Siku njema.

Ijumaa, 14 Juni

Karani. Asubuhi nimemkuta anazunguka kama pia ya watoto, kichwa chini. Anagonga kioo. Anatulia. Anaanza tena. Zuhura akaniomba nimtoe asiteseke. Nimtoe nimpeleke wapi? Nimekaa pale mkono ndani ya maji, sina la kufanya. Kafa kabla ya adhana. Kazini nimechelewa na sikujali.

Maji ni safi. Nimeyanusa. Nimeyaonja hata. Hayana kitu.

Jumapili, 16 Juni

Nimefikiri sana. Ni baridi. Jana asubuhi maji ya ndoo nje yaliganda utando juu. Samaki anavaa nini?

Nimekata kipande cha blanketi kuukuu, nimelishonea kasha koti. Lina vifungo ubavuni, na mbele nimeacha dirisha ili Zuhura aone. Nimelikata vizuri kuliko koti langu mwenyewe. Juu nimefunika kile kitambaa alichofuma yeye, chenye maua ya matundu matundu.

Jumatano, 19 Juni

Mama Syombe kaja na viazi. Kasimama mlangoni, kalitazama kasha, kaweka mkono kiunoni.

"Fundi! Samaki yako inavaa koti, na mume yangu mimi anatetemeka kule!"

Zuhura alicheka mpaka akapaliwa. Nilimpiga mgongoni polepole. Mifupa tupu. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Ijumaa, 21 Juni

Bi Harusi amekufa ndani ya koti. Shela lake limemviringa.

Si baridi basi.

Jumapili, 23 Juni

Leo Zuhura kasema jambo ambalo mimi sikuliona. Mnene Ijumaa. Karani Ijumaa. Bi Harusi Ijumaa. Kasema kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema. Anayekufa Ijumaa amepewa heri, kila mtu analijua hilo, tumelisikia tangu tukiwa chuoni tukisoma Kurani. Anasema samaki hawa hawafi hovyo. Wanaitwa, mmoja mmoja, siku inayojulikana. Na wamewekwa ubavuni mwake, si mwa mtu mwingine.

Nimemwambia samaki hawana Ijumaa. Akaniuliza, kwani siku nyingine wanazo?

Nimetoka nje nikakata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Jumatatu, 24 Juni

Kaniomba bafta. Kasema wazi: ya sanda. Anataka iwemo ndani ya sanduku, aione. Anataka nikate mimi, si mtu mwingine, kwa sababu mkono wangu haupotoki.

Nimekataa. Nimepaza sauti. Mgonjwa hapazwi sauti, najua. Nimesema nitakushonea gauni, nitakushonea mito, nitakushonea hata hema, hicho sikushonei. Akasema taratibu, sanda haishonwi kwa cherehani, Fundi, wewe unajua.

Najua.

Uji kaacha nusu.

Alhamisi, 27 Juni

Leo nimefanya kila kitu. Labda ni maji ya mfereji. Nimepanda alfajiri mpaka kwenye kijito chini ya mlima Loleza, nimeteka debe mbili, maji baridi na matamu, nimeshuka nayo kwa mti begani kama kijana. Bega limechubuka. Nimebadili nusu. Mchanga nimeuosha. Kioo nimekipangusa.

Labda ni nzi. Wanatua kwenye ukingo wa kasha, wametoka wanakokujua wao. Nimekung'uta pareto kuizunguka meza yote, na kwenye ukingo wenyewe, nzi asipate pa kukanyaga. Shuka, udi, godoro, yote. Jasho limenitoka kwenye baridi hii.

Makombo kidogo, nimewalisha polepole kwa vidole, mmoja mmoja. Kulwa na Doto walikuja pamoja. Nimelala na matumaini.

Ijumaa, 28 Juni

Kulwa na Doto. Wote wawili. Walizunguka pamoja.

Zuhura aliwatazama mpaka mwisho, halafu akageukia ukutani.

Maji yamezidi unga. Sijui tena nifanye nini.

Jumanne, 2 Julai

Hali chakula. Uji nachukua kijiko nampelekea mdomoni, anafumba. Hajakasirika. Ananitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo siiwezi. Angenitukana.

Nimemleta Maalimu wa chuo amsomee. Kasoma vizuri. Nikamvuta pembeni nikamweleza habari ya samaki, nikamwomba amwambie kuwa haina maana. Mtu mwema. Kakaa kitini, kamwambia wanyama hawana hesabu, na siku ya mja anaijua Muumba peke yake, mwenye kula ale. Zuhura akaitikia kila neno. Halafu akamwuliza kama maiti wa Ijumaa huulizwa maswali kaburini. Maalimu akajikohoza. Akasema imesemwa kwamba husamehewa. Akaaga.

Nilitaka kumtupia kiatu.

Ijumaa, 5 Julai

Chongo.

Kabaki Shangazi. Zuhura kamwelekeza kidole, halafu kajielekeza mwenyewe. "Huyu. Halafu mimi." Kisha akatabasamu kama msichana.

Jumanne, 9 Julai

Idi Kubwa. Watoto wa mtaa wamevaa nilivyowashonea. Wamekuja kutoa mkono dirishani, Zuhura kawapungia. Pilau ya jirani imepoa juu ya kigoda. Hakugusa. Amekwisha. Mashavu yameingia, macho yamekuwa makubwa.

Jana nilinunua bafta. Sijui kwa nini. Nilipita dukani, mkono ukaenda wenyewe. Nimeiweka sandukuni, nikamwonyesha. Kaishika pembe kwa vidole viwili kama mnunuzi, kapima uzito wa kitambaa. Kasema ni nzuri, haina wanga mwingi. Akasema ahsante. Miaka yote ya ndoa hajanishukuru kwa kitambaa hata kimoja. Kila nguo niliyomshonea alisema kwapa linabana.

Nimelia uani.

Alhamisi, 11 Julai



Nilikuwa kwenye kazi za Alhamisi. Shuka. Ufagio. Udi. Saa kumi jua linaingia dirishani kwake, linapita juu ya kasha. Nikachukua kopo, nikakung'uta kama kawaida. Vumbi la pareto likapanda kwenye ule mwanga. Sijawahi kulitazama. Wakati wote natazama chini, natafuta viroboto. Leo nimetazama juu. Halikuanguka chini. Lilielea, manjano, bila haraka, likaenda mpaka juu ya kasha, likashuka kwenye matundu ya kile kitambaa cha kufuma.

Nimekiondoa kitambaa. Juu ya maji kuna utando kama wa maziwa yaliyopoa. Nzi mmoja alikuwa ameugusa. Yuko chali, anazunguka kama pia.

Kama Karani.

Nimevitazama vidole vyangu. Vya manjano. Kwa vidole hivi nilikuwa nikienda moja kwa moja kwenye makombo.

Nimemchota Shangazi kwa bakuli, nikamtia kwenye beseni jipya la maji ya kijito. Zuhura kauliza nampeleka wapi. Nimesema nampeleka kazini. Akasema, hata ukimficha, kesho ni kesho. Nimelala barazani chini ya cherehani, beseni kifuani. Mlinzi wa duka alidhani nimelewa.

Ijumaa, 12 Julai

Shangazi mzima. Asubuhi mzima. Adhuhuri mzima. Baada ya sala mzima, na ana njaa.

Basi ni mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi wa nguo nimewaambia watu maneno hayo mara ngapi. Nilikuwa naua Alhamisi jioni, wanakufa Ijumaa, na mke wangu anawafuata. Nilikuwa na bidii kweli. Kila walipokufa nilisafisha zaidi.

Nimerudi nyumbani na beseni. Zuhura alikuwa ameomba jirani amwogeshe. Kavaa khanga nyeupe, kajilaza ubavu wa kulia, kaelekea kibla. Anangoja. Nimeweka beseni mbele ya macho yake. Nimepiga magoti. Nimemwambia yote: kopo, vumbi, vidole, nzi. Hakuna aliyekuwa akiwaita, mke wangu. Ni mimi nilikuwa nawatilia dawa ya viroboto.

Nilidhani atafurahi. Nilidhani atasema, haya, lete uji.

Kamtazama Shangazi. Kanitazama mimi. Nimewahi kuuona uso ule siku moja tu, siku walipomletea mikononi mchanga wa kaburi la mama yake. Akasema, "Wewe Fundi." Basi. Akageukia ukutani.

Jumapili, 14 Julai

Hasemi. Uji anakunywa sasa, kama mtu anayetekeleza amri. Anakunywa na kunirudishia bakuli bila kunitazama.

Nimeokoa nini? Alikuwa na Ijumaa yake, nzuri, amejiandalia, haiogopi. Nimemnyang'anya. Sasa anakufa vilevile, ila hana wa kumwita. Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, akamhamisha samaki, akasema ni mwujiza.

Sikuweza kumwacha aende kwa sababu ya kopo langu. Hiyo ndiyo kweli. Sikumwambia kwa ajili yake, nilimwambia kwa ajili yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Shuka. Ufagio. Udi. Kopo nimelifukia nyuma ya choo. Shangazi karudi kwenye kasha, maji yote mapya, mchanga mpya.

Ijumaa, 19 Julai

Wamerudi. Viroboto hawakungoja hata kualikwa. Asubuhi shingo ya Zuhura ina mstari wa mabaka mekundu, na miguu ile iliyovimba, lahaula. Nimemkuna kwa kitambaa chenye mchele ndani, kilichopashwa moto. Nikasikia sauti.

"Fundi, wewe una laana. Umeua samaki, sasa unawalisha viroboto kwa damu yangu."

Neno la kwanza tangu Ijumaa ile. Nimesema ndiyo, nina laana. Akasema, basi nikune vizuri, si hapo, juu kidogo.

Jumatatu, 22 Julai

Shangazi amekufa. Sijui kwa nini. Maji mapya, hakuna unga, hakuna kitu. Labda alikwisha kula sumu ya kutosha. Labda alichoka kuwa peke yake. Sikuona akizunguka. Alikaa tu chini kwenye mchanga, akawa hasogei.

Nilimwambia Zuhura nikitegemea mabaya. Kalitazama kasha. Halafu akasema, "Jumatatu," kama mtu anayekuta sahani imeoshwa vibaya.

Nimemzika na wenzake chini ya mlimau. Kasha tupu linaonyesha ukuta wa upande wa pili.

Jumamosi, 27 Julai

Nimejifunza kazi mpya. Unalowanisha kipande cha sabuni, unafunua shuka ghafla, kiroboto akiruka unambandika. Anaganda pale kwenye sabuni. Zuhura ndiye mwenye macho. "Pale! Kushoto! Umemkosa, mzee wewe!" Mimi nashambulia. Tunafanya jioni jua likiwa bado. Leo tumewakamata wengi mpaka sabuni ikawa na madoa kama kanga. Tumecheka. Kala wali na maharage, kijiko kwa kijiko, kwa mkono wake.

Pumzi yake fupi. Anakaa, mito mitatu mgongoni, akilala chali anazama. Sijidanganyi.

Jumatano, 7 Agosti

Upepo, vumbi, nyumba nzima imekuwa nyekundu. Mama Syombe kaja, kajikuna mara moja, kashtuka.

"Fundi, kuna nini hapa? Dawa imeisha hujaniambia? Mimi ninayo gunia!"

Nimemwambia tumeacha. Hakuelewa. Akamgeukia Zuhura, na Zuhura akasema kwa heshima kabisa, "Fundi anafuga." Mama Syombe kaondoka akiamini tumerukwa na akili. Pengine.

Baada ya kuondoka nilimwuliza Zuhura kama anataka turudishe pareto. Samaki hawako tena, hakuna cha kufa. Amefikiri. Akasema akiisikia ile harufu anawakumbuka wale mapacha. Bora kuumwa.

Jumatano, 14 Agosti

Uvimbe umepanda mpaka tumboni. Sabuni hatukuifanya leo. Kauliza bafta iko wapi. Nikasema sandukuni. Akasema iache humo. Baada ya muda akasema, siku yangu ni ya Mungu, Fundi, si yako wala ya kopo lako. Nimesema ndiyo. Sikujua kama ananisamehe au anaendelea kunigombeza. Nilitaka kuuliza, akawa amesinzia.

Naogopa. Sijaogopa hivi maishani.

Jumanne, 20 Agosti

Zuhura amefariki. Jumanne, jua likiwa juu, soko limejaa, watu wanapiga kelele za nyanya nje. Nilikuwa nimetoka kumletea maji. Nimerudi na kikombe.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeikata bafta mwenyewe. Sikupima. Vipimo vyake navijua.

Wanawake waliomwosha wameona alama za viroboto miguuni na shingoni. Mmoja wao, mtu mzima, alipotoka na beseni alinitazama kama anayemtazama mtu aliyemwacha mkewe kwenye banda la mbuzi. Sikujitetea. Ningemweleza nini?

Watu wengi. Maalimu kasoma. Hakuna aliyetaja siku.

Jumapili, 25 Agosti

Hitima imekwisha. Sahani za watu zimerudishwa.

Nakaa kwenye kitanda chake, natazama kasha. Nafikiri jambo lile lile. Ningenyamaza, angekwenda Ijumaa ile, msafi, anatabasamu, anaelekea kibla. Kwa sababu sikunyamaza alipata wiki tano zaidi za kujikuna, na kubanwa pumzi, na kufa Jumanne katikati ya kelele za sokoni. Mimi nikapata yale matusi na ile sabuni. Yeye alipata nini? Hili nalo nitakufa nalo, sina wa kumwuliza.

Cherehani sijaigusa. Watoto wa shule wanangoja kaptula.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimerudi kazini. Kaptula zimekwisha.

Jioni nimebadili shuka, ingawa ni upande mmoja tu unaolaliwa. Nimefagia. Nimefukiza udi. Mama Syombe kaniletea kopo jipya limejaa pomoni, kaliweka juu ya kigoda, kasema pole, Fundi, sasa lala vizuri. Nimeshukuru. Nimengoja afike kwake, nikalipeleka nikaliacha kizingitini mwa banda lake la kuku.

Sasa viroboto wananiuma miguuni. Sabuni iko pale dirishani ilipobaki. Sikuichukua. Nawaacha.